Stationery ya madesa ya sheria Malimbe: kopi safi, ila madesa yenyewe yaangalie mara mbili

Hii ni kwa wale mnaoanza LLB, yani digrii ya sheria, huku Malimbe, Mwanza, maana kila mwaka swali ni lile lile, madesa ya sheria, zile notsi fupi za kupigia kopi, yanapatikana wapi. Kuna stationery moja kwenye barabara ya kushukia chuo, jina naliacha kwa sababu ntasema na mabaya yao, ila ukimuuliza mtu yeyote wa sheria atakuonesha. Naitumia toka mwaka wa kwanza na sasa nakaribia kumaliza.

Kwenye kopi hawana mpinzani aisee. Inatoka nyeusi, haina yale mabaka ya tona iliyoisha, ukija na mzigo mkubwa wanakushushia bei na spairo wanafunga hapo hapo unasubiri. Dada wa pale kaunta mchangamfu, anazijua kozi zetu kuliko baadhi yetu, unamwambia tu dada naomba pepa za mikataba anakutolea za miaka kadhaa nyuma. Hizo pepa chukueni, maana swali la sheria lina namna yake, unapewa stori ndefu Juma kamuuzia Asha boti ya uvuvi kumbe injini mbovu, alafu mwisho unaambiwa mshauri Asha, sasa usipozoea mapema UE, mtihani wa mwisho wa semesta, inakukuta umejaza kurasa mbili za maana ya mkataba na Asha wa watu hujamshauri chochote.

Shida iko kwenye madesa ya kesi. Sijui nani anayaandika, yanarithishwa tu mwaka hadi mwaka. Chukua la Tort, somo la madhara unayomfanyia mtu hata bila mkataba, kwenye uzembe, kesi ya Donoghue v Stevenson ya 1932, ile ya konokono kwenye chupa. Desa linasema mama alinunua kinywaji cha tangawizi, akakuta konokono, akashitaki kiwanda, akashinda. Mistari miwili imeisha. Sasa soma hukumu yenyewe, aliyenunua ni rafiki yake, kwenye mgahawa kule Paisley, Uskochi, na hiyo ndo kesi yote! Kwa kuwa hakununua yeye hakuwa na mkataba na mtu yeyote pale, wa kumdai kwa mkataba hayupo, ndo ikabidi mawakili wake watafute njia nyingine na jaji Lord Atkin akatoka na ile hoja ya jirani yako kisheria ni nani, yani mtu unayetakiwa kuwa makini usimdhuru. Ukiandika alinunua mwenyewe umeiua kesi. Na huyo konokono hajawahi hata kuthibitishwa mahakamani, majaji waliamua hoja ya sheria tu, baadae ikamalizwa kwa makubaliano. Lekchara wa semina akikuuliza "kwa nini hakudai kwa mkataba" na wewe una desa tu, utatoa macho.

Lingine ni kopi za sheria zenyewe. Rafu ya juu kuna Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, toleo la 2002, mpaka leo inauzwa kama mpya, na kifungu cha 127 kuhusu mtoto shahidi kilibadilishwa 2016! Humo bado unasoma habari za hakimu kumpima mtoto kama anaelewa kiapo, wakati siku hizi kinachotakiwa ni mtoto aahidi kusema ukweli. Kwenye fildi, yale mafunzo kwa vitendo, ukimtajia wakili hiyo ya zamani atakuangalia tu. Alafu toleo la 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025, kwa hiyo kabla hujatoa hela fungua kwanza ukurasa wa mbele uone mwaka. Dada hana kosa, yeye anauza anacholetewa, mwenye duka ndo wa kuambiwa.

Mimi ninavyofanya, hukumu naingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ziko bure, nachagua ninayotaka naenda kuiprinti pale pale, yani mashine yao natumia ila kichwa si chao. Ni kurasa nyingi kweli na hela inauma hasa bumu, hela ya mkopo wa chuo, likichelewa, ila baada ya digrii bado kuna Law School kule Dar, unayopita ili uwe wakili, na yale matokeo ya 2022 mnayakumbuka, watu 633 waliofaulu moja kwa moja 26. Walibishana sana nani wa kulaumiwa mpaka ikaundwa kamati, mimi nasema tu desa la mistari miwili halikufikishi kule.

Mengine ya haraka: flashi usichomeke, utarudi na virusi, tuma kazi kwa WhatsApp. Lipa namba ipo. Wiki ya UE nenda asubuhi sana, mchana foleni inafika nje na umeme ukikatika jenereta yao inabeba mashine moja tu.

Kopi na pepa nawapa tano, madesa mbili, na nikikuta ile Ushahidi ya 2002 imetolewa kwenye rafu narudi kuongeza. Na feni jamani, mle ndani mchana ni jiko.