Lukenya kwa kupanda miamba: mwamba uko poa, watu ndo wameisha

Nyota tatu, na zote nazipea mwamba.

Lukenya ni ile ya kupita Athi River, Mombasa Road, kama kilomita 40 hivi kutoka tao. Zamani wapandaji wa Nairobi walikuwa wanashinda hapo. Wazee wa Mountain Club of Kenya, klabu ya tangu 1949, walikuwa wananoa mikono hapo kabla ya kwenda kukabana na vilele vya Batian na Nelion kule Mlima Kenya. Saa hii unafika Jumamosi asubuhi hakuna gari hata moja, ni nyinyi na pimbi wanaota jua tu.

Mwamba wenyewe sina neno. Jiwe gumu, linakwaruza kama msasa, mguu hauteleze ovyo, na nyufa zinapokea kabari, vile vipande vya chuma vya kukwamisha kwa ufa vishike kamba, vizuri sana, unaisukuma ndani unavuta mara moja inashika ndi! Lakini hapo hapo ndo shida iko. Kule kwa kuta za ndani mjini boliti za kushikia kamba zimepangwa, mwalimu yuko, hata chai iko, huku mwenye kutangulia na kamba lazima ajue kuweka kabari mwenyewe, na wanaojua wengi wamezeeka ama wamehama na vijana waliowafunza ni wachache. Mimi naona hiyo ndo imemaliza Lukenya, si jam. Jam ilikuwa kisingizio kizuri hadi Expressway ikafunguliwa 2022, sasa ukilipa unateleza kutoka Westlands mpaka Mlolongo na bado watu hawaji.

Wengi siku hizi wanaenda Hell's Gate huko Naivasha, Fischer's Tower, mita 25 hivi, unafungwa kamba, unapigwa picha, unamalizia na baiskeli. Sikatai ni raha, ila kule unapandishwa, huku unapanda.

Vyuma vya zamani usiviamini. Nilikuta msumari umekwama kwa ufa, nikaugonga na karabina, ile pete ya chuma ya kuunganisha kamba, ukamwaga vumbi jekundu, nikaupita nikaweka kabari yangu. Nyuki nao si mchezo, ukisikia mvumo juu yako shuka, wachana na ujogoo.

Vifaa tulikodisha kwa jamaa fulani mtaani, helmeti moja haikuwa na kibano cha kidevuni, ati tutumie kamba ya kiatu 😂 kagua kila kitu kabla ulipe. Na ongea na klabu kwanza, usiende tu kama unaingia Uhuru Park.

Kama unaanza tu na huna mtu wa kukuongoza, bado usiende. Kama uko na mmoja anayejua kabari, mbebe, mlipie mafuta, mnunulie nyama ya Athi River mkirudi. Maji beba mengi, huko juu hakuna kiosk, na ng'oeni mapema kabla malori ya jioni yajaze Mlolongo.