Kukatwa kinyama cha kipimo (biopsi) mdomoni: huduma ya kliniki moja ya meno Dar es Salaam

Kliniki hii, ambayo sitaitaja jina, inastahili sifa kwa namna inavyokata kinyama hicho cha kupimwa na lawama kwa namna inavyotoa majibu. Nilimpeleka mjomba wangu, mtafunaji wa tambuu tangu ujana wake, akiwa na kidonda pembeni mwa ulimi kilichokataa kupona hata baada ya wiki mbili, muda ambao madaktari wa kinywa hawapendi uvukwe bila kipimo.

Daktari alimpapasa kwanza shingo akitafuta tezi zilizovimba, kisha akadunga ganzi kando ya kidonda, kwa kuwa dawa ikiingia ndani yake huharibu umbo la tishu inayokwenda kuchunguzwa. Kinyama alikikata ukingoni, kikiwa na sehemu ya kidonda na sehemu ya nyama nzima iliyo jirani, maana katikati ya kidonda mara nyingi hubaki seli zilizokwisha kufa ambazo hazimsaidii mwanapatholojia, mtaalamu anayesoma kinyama kwa hadubini. Alikata pia kwa kina cha kutosha. Kipande cha juujuu hakiwezi kuonyesha kama seli mbovu zimevuka utando wa chini na kuingia ndani, na kuvuka huko ndiko kunakotofautisha saratani na mabadiliko yanayoitangulia. Kinyama kilitiwa papo hapo kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu isioze, yenye jina la mgonjwa na mahali kilipotolewa. Mapokezi palikuwa na joto na viti vichache, jambo dogo.

Majibu yalisema ni saratani ya seli bapa, aina inayochukua zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kinywa, daraja la pili. Karatasi hiyo tulikabidhiwa dirishani, bila daktari, na mjomba akaamini kwamba ugonjwa umefika hatua ya pili. Lakini daraja si hatua. Daraja hueleza jinsi seli zilivyoacha kufanana na seli za kawaida: katika la kwanza bado zinafanana nazo na hutengeneza keratini, protini ngumu kama ya kucha, kwa wingi, na katika la tatu mfanano huo karibu umepotea. Hatua hupangwa kwa ukubwa wa uvimbe, kina chake kwa milimita, tezi za shingo na kusambaa mwilini, mambo ambayo kinyama kidogo peke yake hakiwezi kuyamaliza. Hata daraja lenyewe linaweza kubadilika uvimbe wote ukishatolewa na kusomwa upya. Maelezo haya yangechukua dakika chache tu, na kumnyima mgonjwa dakika hizo ni uzembe.

Kwa ukataji, ningempeleka mtu mwingine pale bila kusita, ila nitamshauri adai miadi ya kusomewa majibu na daktari kabla hajalipa. Aombe pia vioo vya maabara vyenye vipande vyembamba vya kinyama vilivyosomwa kwa hadubini, na kibonge cha nta chenye kinyama kilichobaki, kwa sababu hospitali ya rufaa huenda ikataka kuvisoma yenyewe. Sisi tulipoomba kwa maandishi, tulipewa bila ubishi.