Kadi za yoga za watoto: nusu mwaka na darasa langu la chekechea, Moshi

Boksi hili nililinunua Arusha mwezi wa Januari, shilingi 45,000, kwenye duka la vifaa vya watoto. Ndani kuna kadi 36. Upande mmoja picha ya mnyama, mti au mlima, upande wa pili maelezo ya mkao, na maelezo yote ni ya Kiingereza. Jina la bidhaa silitaji, maana nina ya kulalamika na muuzaji alinihudumia kwa adabu.

Mimi nafundisha chekechea hapa Moshi, watoto 31 wa miaka minne hadi sita. Tuna uwanja wenye mwarobaini mmoja, ua la michongoma, na mikeka ya plastiki ileile wanayokalia wakati wa uji. Yoga tunafanya saa mbili asubuhi, kabla ya uji na siyo baada yake. Siku moja nilijaribu baada ya uji, nikaishia kuosha mkeka.

Kadi ni nzuri kwa macho, ila aliyezichora hakuwa akimfikiria mtoto wa mitaa yetu ya Pasua au Majengo. Kuna dubu, kuna mti wa Krismasi umefunikwa theluji. Niliponyanyua hiyo ya theluji, binti mmoja akageuka kuutazama mlima, halafu akanigeukia mimi: "Ticha, theluji imeshuka mpaka kwenye miti?" Kwake theluji inaishi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, basi. Dubu wamembatiza mbwa mnene.

Kosa ambalo siwezi kulinyamazia liko kwenye kadi ya mti. Mtoto amechorwa kasimama kwa mguu mmoja, unyayo wa mguu wa pili kauegemeza gotini. Unyayo unawekwa chini ya goti kwenye shavu la mguu, au juu yake pajani. Gotini hapana, kwa sababu goti limeumbwa kukunjwa mbele na nyuma, halitaki kusukumwa kwa pembeni. Hiyo kadi nimeitoa kabisa. Tena karatasi zenyewe ni laini. Masika yalipoanza zikavuta unyevu kabatini, zikajikunja kama chapati za jana.

Kunyesha kwenyewe ndiko kulikonifumbua macho. Kadi ziko kabatini zimekandamizwa na vitabu, watoto wako uwanjani wananisubiri, nikawaambia tufanye kinachoonekana. Tukaanza na mlima. Kibo siku hiyo kilikuwa wazi. Ukichelewa saa nne unakuta wingu limeshakifunika. Miguu chini, mabega nyuma, vidole vya mikono vinaelekea ardhini, na mwenye kusimama kimya ndiye Kibo. Wanaochezacheza ni Mawenzi, kilele cha jirani yake, kwa sababu kimechongokachongoka. Hiyo waliitunga wenyewe.

Kisha mgomba wa jirani. Upepo ukipita unayumba, majani yaliyochanika yananing'inia. Watoto wakanyanyua mikono wakavuta pumzi, wakaiachia ianguke pamoja na pumzi. Mkao huo haumo kwenye boksi, na ndio wanaoudai kila asubuhi.

Lakini mfalme ni kinyonga. Mvulana mmoja alimwona kwenye michongoma, wenzake wakapiga kelele wakarudi nyuma, maana kinyonga kwetu anaogopwa kuliko anavyostahili. Nikawakalisha hatua tano kutoka pale. Tukamtazama jinsi anavyotanguliza mguu, anayumba mbele na nyuma kama anayejishauri, ndipo anakanyaga. Jicho moja linatuangalia sisi, la pili linamtafuta inzi. Baada ya hapo uwanja mzima ulitembea kinyonga. Hatua kumi zilituchukua karibu dakika tatu. Watoto ambao hawawezi kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde mbili nikiwaamuru, walining'iniza mguu hewani bila kujua. Hapo nilijiona mjinga kidogo na zile elfu arobaini na tano zangu.

Mwezi wa tano tuliwapeleka Msitu wa Rau kuangalia mbega. Tope na mbu vilitukaribisha vizuri, lakini mbega tuliwaona, mkia mweupe umeachiwa chini kama pazia. Niliwaeleza kwamba mbega hana kidole gumba cha kueleweka, ni kishina tu. Siku hizi wakijinyoosha kimbega wanaficha gumba ndani ya kiganja, na asiyeficha anashtakiwa kwangu.

Baba mmoja alikuja kuniuliza: "Mwalimu, hii si ibada ya Kihindi?" Nikamjibu kuwa ni kweli yoga imetoka India na huko ina mizizi ya dini, ila hapa tunajinyoosha na kupumua tu, hakuna sala wala wimbo wa ibada. Nikamkaribisha atazame. Alikaa kwenye benchi, helmeti ya bodaboda magotini, akaondoka tulipofika kwenye nyuki, ile pumzi ya kuvuma midomo imefungwa. Hajarudi kuuliza.

Kupumzika mwishoni ndiko kugumu kuliko vyote. Jina la Kisanskriti la mkao huo, shavasana, maana yake ni mkao wa maiti. Mwambie mtoto wa miaka minne alale kama maiti uone kama mama yake hatakuwa getini jioni. Mimi nasema jiwe la Mto Karanga: maji yanapita juu yako, wewe hutikisiki. Wanaweza dakika moja. Nikiomba ya pili, mawe yanaanza kupigana mateke. Kipindi chote hakizidi dakika kumi na tano, na kusimama kwa kichwa sithubutu hata wakinibembeleza.

Boksi nalipatia nyota tatu. Kipepeo, chura, paka na kobra zimechorwa vizuri, na siku ya wingu zito zinanisaidia kupanga kipindi. Ukiwa na uwezo wa kuzinunua, zipeleke kwanza kwenye duka la steshenari wakuwekee plastiki, mimi sikufanya hivyo. Ya dubu usiitupe. Ijumaa iliyopita niliisahau nyumbani, nikaulizwa mara tatu mbwa mnene anaumwa nini.