Viazi lishe na unga wake: uzoefu wangu, na mahali vitamini A inapopotelea

Kama fedha inatosha kununua kimoja tu, nunua viazi vyenyewe uache unga. Nimetumia viazi lishe vibichi, yaani viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, unga wake wa pakiti, na michembe, yaani vipande vya viazi vibichi vilivyokaushwa nyumbani. Vyote vinauzwa kwa sifa moja, kwamba vina vitamini A, lakini havifanani hata kidogo kwa kiasi kinachofika kwenye sahani ya mtoto.

Rangi ya chungwa ndiyo karotini, na karotini ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Kadiri nyama ya kiazi inavyokolea rangi ndivyo karotini inavyokuwa nyingi. Kiazi cheupe kinakaribia sifuri. Kwa hiyo sokoni usidanganywe na ganda. Kuna viazi vyenye ganda jekundu ambavyo ndani ni vyeupe kama muhogo. Kwaruza kwa ukucha au mwombe muuzaji akate kimoja. Rangi iwe imekolea sawasawa hadi katikati, isiwe na mabaka ya njano iliyopauka. Kwa aina zinazopatikana kwetu, Kabode naipenda zaidi kwa kuwa ina unga mdomoni. Aina nyingi za rangi ya chungwa zina maji mengi kuliko kiazi cheupe tulichokizoea, na hilo ndilo linalowafanya watu wazima wavikatae. Watoto hawana shida hiyo, wanapenda ulaini na utamu.

Kiasi kinachotakiwa si kikubwa. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji mikrogramu 300 za vitamini A kwa siku, mama anayenyonyesha 1,300. Mwili hupata mikrogramu 1 ya vitamini A kutoka mikrogramu 12 hivi za karotini ya chakula. Hata kwa hesabu hiyo, gramu 125 za kiazi kilichokolea rangi, yaani kiazi kimoja kidogo, zinamtosha mtoto wa chini ya miaka mitano. Sijui chakula kingine cha shambani kinachotoa hivyo kwa bei hiyo.

Kupika: osha, usimenye, weka sufuriani vikiwa vizima, maji yafike usawa wa viazi tu, funika. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa vya ukubwa wa kati. Ukivichemsha bila mfuniko kwa muda mrefu, au ukavikatakata vipande vidogo kwenye maji mengi, vinageuka rojo na vitamini C inaondoka na maji. Karotini yenyewe haiyeyuki kwenye maji na inavumilia moto wa kuchemsha. Sehemu kubwa yake inabaki. Adui zake ni hewa na mwanga, na hapo ndipo unga unapoingia matatani.

Kabla ya unga, jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: karotini inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Kiazi kitupu na chai ya rangi kinapoteza sehemu ya faida. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula, karanga za kusaga, tui la nazi au parachichi kwenye mlo huohuo kinatosha. Kwa mtoto ninaponda kiazi na karanga, na hapo anapata protini pia, maana kiazi chenyewe kina kidogo sana.

Sasa unga. Kukausha kunaondoa sehemu ya karotini, na hasara ni ndogo ukikata vipande vyembamba vya milimita 2 hadi 3 na kuvianika penye upepo vikauke upesi. Jua kali la moja kwa moja kwa siku nyingi linaharibu zaidi. Lakini hasara kubwa inakuja baadaye, ghalani. Michembe au unga ukikaa miezi minne kwenye joto letu la kawaida, unaweza kuwa umepoteza zaidi ya nusu ya karotini uliyokuwa nayo siku ulipokauka. Desturi ya Kanda ya Ziwa ya kuweka michembe na matobolwa (viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa) hadi msimu wa njaa inahifadhi wanga vizuri sana. Vitamini A haihifadhiki hivyo.

Kwa sababu hiyo ninaangalia mambo matatu kwenye pakiti. Tarehe ya kusagwa kwanza, siyo ya mwisho wa matumizi, kwa kuwa unga wa mwaka mzima bado unaliwa bila madhara lakini kilichobaki ni wanga na utamu. Kisha pakiti: ile ya plastiki angavu inayoonyesha unga wake mzuri rafuni ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa mwanga unaingia mchana kutwa. Mwisho, nyumbani, kijiko kimoja cha unga na viwili vya maji. Unga mkavu huonekana umepauka hata ukiwa mzuri, lakini ukilowa unapaswa kurudi kwenye rangi ya chungwa. Ukibaki rangi ya krimu na kunuka nyasi kavu, umechelewa. Pakiti niliyoitegemea zaidi kwa sura ndiyo iliyoshindwa kipimo hiki vibaya kabisa. Anayekausha mwenyewe akaushe kidogo, aweke kwenye chombo cheusi chenye mfuniko unaobana, na amalize ndani ya miezi miwili.

Kwa mandazi, viazi vilivyopondwa vinaushinda unga wa viazi kwa kila kitu. Kikombe 1 cha viazi vilivyopondwa kwa vikombe 2 vya unga wa ngano, sukari nusu ya kawaida, na usitie maji mpaka umeukanda kwanza. Mara nyingi hayahitajiki kabisa. Ukizidisha viazi, donge linanata na mandazi yanawahi kuwa meusi nje huku ndani mabichi, kwa sababu ya sukari ya kiazi, hivyo moto uwe wa wastani. Chapati ya unga wa viazi inakubali robo tu ya mchanganyiko. Ikifika theluthi inaanza kukatika, maana kiazi hakina mvutano wa ngano.

Viazi lishe havichukui nafasi ya matone ya vitamini A ya kliniki. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa uniti 100,000, na wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano uniti 200,000 kila baada ya miezi sita. Mpelekeni hata kama anakula viazi kila siku. Usiogope kuzidisha kwa kula viazi: mwili hugeuza karotini kwa kadiri unavyohitaji. Akila vingi sana viganja vinaweza kuwa na rangi ya manjano, haidhuru, ilimradi weupe wa macho ubaki mweupe. Macho yakiwa ya manjano hiyo ni habari nyingine, nenda hospitali. Vidonge vya vitamini A vya dukani ndivyo hatari vikizidi, hasa kwa mjamzito, kwa kuwa vinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kasoro kubwa ya viazi vibichi ni fukusi. Kiazi chenye matundu kinakuwa kichungu, na kuchemsha hakuondoi uchungu huo. Kitupe, usikate upande mmoja ukala mwingine. Vilivyo vizima hukaa wiki mbili hadi tatu penye kivuli na hewa, bila kuoshwa. Friji inavifanya viwe vigumu katikati hata vikipikwa. Mwenye kieneo nyuma ya nyumba apande marando yake mwenyewe, ayachukue kwa mzalishaji wa mbegu safi, maana yale ya jirani mara nyingi yana virusi vinavyokunja majani na kupunguza mavuno. Majani mazima apike kama matembele, kwa mafuta kidogo.