TAHADHARI: Anayeuza "mgao wa Mheshimiwa" huko Winza ni tapeli

Ndugu zangu wa Dodoma, Mpwapwa na Bahi, kaeni chonjo. Kuna kijana anazunguka na faili la kijani akiuza maeneo ya madini kule Winza, kwenye machimbo ya rubi ya Mpwapwa, eti ni mgao wa Mheshimiwa mbunge. Mimi kanilia milioni 3 na laki 2. Ni ile hela ya alizeti, wa nyumbani mnaijua. Mama Neema mpaka leo nashindwa kumtazama usoni.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyopita, nje ya ofisi moja ya serikali hapa mjini. Nilimwona kwa macho yangu akipita getini, mlinzi akamsalimia. Baada ya dakika 20 katoka na kitambulisho kifuani na karatasi ya mhuri, jina langu limeandikwa bila kukosea hata herufi. Tukakaa chini ya mwarobaini. Akapiga simu, akaweka sauti ya nje. "Shikamoo Mheshimiwa, niko na yule dada." Sauti nzito ikaitika marahaba, ikasema lile eneo la rubi ambalo kampuni ililirudisha, wakubwa wameshagawana, kimebaki kipande kimoja, na nisipomaliza kabla ya saa kumi anapewa mtu wa Geita. Hiyo ni saa tisa na nusu! Mkono ulitetemeka, lakini namba ya siri nilibonyeza mwenyewe. Nilituma kwa mafungu mawili, na la pili akaniambia, "Weka na ya kutolea, dada'angu." Nikaweka.

Mtaniuliza mtu mzima niliamini vipi. Jamani, mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulisainiwa hotelini London mwaka 2007, na mbunge aliyeuhoji, Zitto Kabwe, ndiye aliyesimamishwa Bungeni. Kamati ya Jaji Bomani ya kupitia mikataba ya madini ikaja baadaye. Tumekua tukisikia hayo. Mtu akikwambia maeneo yanagawanwa mezani kwa wakubwa, utabishia wapi? Huyu kijana anakula kupitia jeraha hilo hilo. Na nasema wazi, nilijua ninachotoa ni mlungula. Hilo linaniuma kuliko hela.

Jumatatu nikaenda kuulizia leseni yangu. Haipo kwenye mfumo, haijawahi kuwepo. Dada wa pale alishika ile karatasi akanionyesha: imeandikwa hekta 45, wakati leseni ya mchimbaji mdogo haivuki hekta 10. Tena ada za serikali zinalipwa kwa kontroo namba, hazitumwi kwenye simu ya mtu. Na ule mhuri, ukiuangalia vizuri... basi tu.

Nataka akamatwe, afilisiwe, afungwe! Na yule mwenye sauti atafutwe hata kama ni mbunge kweli, maana kama si mbunge, anajuaje eneo limerudishwa? Na mlinzi aulizwe anamjulia wapi. Nimeshapiga TAKUKURU, 113, ni bure, na wewe uliyelizwa kabla yangu ukanyamaza kwa aibu, piga. Ungesema, mimi ningepona.

Ana mwanya, anaongea Kigogo kizuri sana, simu yake imezimwa. Leo hii kaonekana mnadani Msalato, faili lile lile mezani, amekaa na mzee mmoja kutoka Kibakwe wanakula nyama. Mwenye mzee wake aliyekuja mjini leo, ampigie sasa hivi.