Thonet Na. 14 au CH24: uchukue kiti kipi cha zamani?

Wengi huchagua kiti cha zamani kwa sura. Mimi hukigeuza kwanza, miguu juu.

Na. 14 cha Michael Thonet, fundi wa samani Mjerumani, cha mwaka 1859, ni vipande 6 vya mbao ya beech iliyopindwa kwa mvuke, skrubu 10 na nati 2. Kikilegea, unakaza tu, na ndiyo maana hata kilichozeeka sana hurudi kazini. Lakini chungulia matundu ya skrubu: yakishapanuka, ukaze utakavyo, kiti kitacheza. Henzirani ya kikalio nayo hupenda kukatika pembeni, pale inapoingia kwenye fremu. Pabonyeze kwa kidole gumba.

CH24 cha Hans Wegner, mbunifu wa samani wa Denmark, kinachotengenezwa na kampuni ya Carl Hansen & Søn tangu 1950, kikalio chake ni kamba ya karatasi, takriban mita 120, iliyosukwa kwa mkono. Kuisuka upya inawezekana, ila si kazi ya fundi yeyote. Lakini lile egemeo linalokuzunguka! Unakaa hata upande na mgongo haulalamiki.

Kwa meza ya kulia nachukua CH24 bila kusita. Anayehamahama achukue Na. 14, ni chepesi na kinafunguka chote.