Masega ya gari langu yalikwenda wapi?

"Hiyo takataka unaitaka ya nini, mama?"

Ndivyo nilivyojibiwa kwenye gereji niliyoiamini kwa miaka, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri magari yao. Sikuwa nimeuliza jambo la ajabu. Nilitaka nirudishiwe masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, yaliyofunguliwa kwenye gari langu. Yalikuwa yangu kabla hayajafunguliwa, na sikumbuki kumpa mtu. Mpaka leo sijayaona.

Nirudi nyuma kidogo. Gari langu ni la zamani, la petroli, na limepitia mikono ya watu wengine kabla yangu. Miezi kadhaa iliyopita lilianza kukosa nguvu. Asubuhi linawaka na kutembea vizuri, lakini kadri injini inavyopata moto ndivyo linavyozidi kuwa zito. Kwenye mlima nakanyaga mafuta mpaka chini, muungurumo unapanda, mwendo haupandi. Ikawaka taa ya injini. Ikaja harufu ya yai viza kila nikisimama. Mwisho ikaja sauti ya kama kokoto ndani ya kopo, chini ya sakafu, kila nikiliwasha.

Nikalipeleka gereji. Walichomeka mashine, ikasoma namba ya hitilafu P0420, na kabla hata sijakaa fundi mkuu akatamka hukumu: masega yamekufa, yanawekwa mapya. Nikamwambia kwamba gari limekuwa likitetemeka likiwa limesimama, kama linamisi, yaani silinda inaruka bila kuchoma petroli, na kwamba naongeza oili mara nyingi kuliko zamani. Hakugeuka kunitazama. "Mama, wewe endesha tu. Injini tuachie sisi."

Nikanyamaza. Kunyamaza huko kunaniuma kuliko fedha niliyolipa, kwa sababu nilichomwambia ndicho kilichokuwa ugonjwa wenyewe.

Sasa najua P0420 inasema nini. Kuna sensa ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada yake. Ile ya mbele hupanda na kushuka muda wote, na ile ya nyuma, masega yakiwa mazima, hutulia. Ya nyuma ikianza kurukaruka kama ya mbele, kompyuta ya gari inaandika kwamba masega hayafanyi kazi yake ipasavyo. Basi. Haisemi kwa nini. Haisemi kama bomba linavuja karibu na sensa, haisemi kama sensa yenyewe imechoka, na kama kweli masega yamekufa, haisemi yameuawa na nini. Hapo ndipo fundi anapotakiwa kuanza kazi. Wangu ndipo alipomalizia.

Kwa haki yao niseme hili: masega mapya yalipofungwa, gari lilifufuka. Ule mlima uliokuwa ukinitoa jasho nilipanda bila kufikiri. Niliwasifu kwa kila mtu, nikampeleka na shemeji yangu kwao. Laiti mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa naandika maneno matamu.

Hazikupita wiki nyingi, taa ya injini ikaanza tena. Safari hii haikuwaka tu, ilikuwa inapepesa. Sikuambiwa na mtu kwamba taa inayopepesa ni onyo la papo hapo, kwamba injini inamisi kiasi cha kuunguza masega, na kwamba unatakiwa uondoe mguu kwenye mafuta na usiendelee na safari. Mimi niliendelea mpaka nyumbani. Ilikuwa usiku. Nilipoinama kutazama chini ya gari, lile kopo la masega lilikuwa jekundu kama kaa la moto. Nashukuru nilikuwa nimeegesha juu ya saruji. Ingekuwa juu ya nyasi kavu, sijui ningekuwa nasimulia nini.

Petroli isiyoungua kwenye silinda haipotei. Inatoka na moshi, inaingia kwenye masega, inaungulia humo. Yale masega ni kauri yenye vitundu vingi vidogo mfano wa sega la nyuki, na yamezoea joto kali, lakini petroli mbichi ikiwaka ndani yake joto linapita kiasi, kauri inayeyuka na vitundu vinaziba. Oili inayopenya kwenye silinda nayo ina ubaya wake: majivu yake yana fosforasi na zinki, yanatanda juu ya zile kuta mpaka moshi haugusi tena dawa iliyopakwa. Gari langu lilikuwa na maradhi yote mawili. Na nilikuwa nimeyasema kwa mdomo wangu.

Nilirudi gereji kwa upole, naapa. Fundi mkuu akalisikiliza gari kwa sekunde chache akasema nimeweka petroli chafu. Hakufungua kitu. Hakutoa hata plagi moja. Akanipa chaguo mbili: ninunue masega mengine, au wayapasue yale ya ndani, wabakize kopo tupu, "gari litakimbia kuliko zamani." Hilo la pili nililikataa pale pale. Yale masega ndiyo yanayogeuza kaboni monoksaidi kuwa hewa isiyoua, na mimi wanangu wanakaa kiti cha nyuma. Sitafuti mwendo wa namna hiyo.

Ndipo nikaomba yale ya zamani. Nilitaka kuona kama yameyeyuka au yametanda majivu, ili nijue ugonjwa ulianza lini. Nikajibiwa nilivyojibiwa.

Takataka! Ndani ya takataka hiyo kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni kidogo, ni gramu chache tu, lakini ndizo zinazofanya wezi walale chini ya magari ya watu usiku na msumeno, na ndizo zinazofanya masega yaliyokufa yapate mnunuzi. Fundi wa umri ule hajui? Siwezi kusema waliyauza, kwa sababu sikuona. Ninachosema ni kwamba nilionyeshwa rundo la vyuma uani, nikaligeuza kwa mikono yangu, hayakuwemo. Na kama kweli ni takataka, kilichowashinda kunipa takataka yangu ni nini?

Wakati natoka, kijana mmoja anayejifunza kazi alinifuata getini akijifanya anafuta mikono. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, samahani. Mtafute mtu akupimie koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Silinda ya tatu haichomi vizuri, niliisikia tangu siku ya kwanza." Tangu siku ya kwanza! Sikumlaumu, najua nafasi ya mwanafunzi mbele ya mkubwa wake. Lakini nilifika nyumbani nikiwa natetemeka kwa hasira.

Nilikwenda kwa mzee mmoja anayefanya kazi peke yake. Kabla ya kugusa gari aliniuliza maswali mengi mno: linakula oili kiasi gani, moshi wa bluu unatoka lini, maji ya rediata yanapungua? Kisha akafungua sensa ya mbele, akafunga geji ya kupima msukumo wa moshi kwenye bomba mahali pake, akaniambia nikanyage mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika. Akanionyesha mshale: kwa gari zima haufai kuvuka psi 3 hivi. Wangu uliruka mpaka 8. Moshi ulikuwa hauna pa kutokea, ndiyo maana injini ilikuwa kama mtu aliyezibwa pua. Akatoa plagi moja moja na kuzipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Ya tatu ilikuwa imelowa petroli, na koili yake ina ufa ambao hata mimi niliuona. Nyingine mbili zilikuwa nyeusi kwa oili.

"Haya yameuawa," akaniambia. "Tumtafute muuaji kwanza, mama. Ukiweka mengine leo, yatauawa tena."

Akabadilisha koili, plagi zote, na sili za vali zilizokuwa zikipitisha oili. Akaniambia niendeshe siku kadhaa, taratibu, safari fupi, nirudi apime tena kama injini imeacha kumisi. Masega yalikuwa kitu cha mwisho kabisa kununuliwa. Ilikuwa gharama, sitadanganya, na ilinichukua muda kuikusanya. Lakini ni gharama niliyoielewa kila hatua, kwa sababu kila hatua nilionyeshwa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msikanyage kabisa kwenye ile gereji ya kwanza. Katikati nikalegea. Mzee huyu mwenyewe alisema kazi yao ya kuchomelea bomba ni safi, haivuji hata kidogo, na ni kweli kwamba breki zangu wamezitengeneza miaka yote bila tatizo. Labda kwa breki na oili waendeeni. Lakini nikilikumbuka lile neno, na nikiikumbuka ile sura iliyokataa hata kunigeukia wakati naeleza ugonjwa wa gari langu mwenyewe, narudi nilikoanza. Hapana. Hata kwa breki, hapana. Mtu asiyesikia unapomwambia gari linamisi hatasikia pia ukimwambia linavuta upande mmoja.

Kijana yule ningependa afungue gereji yake. Nitakuwa mteja wake wa kwanza.

Siku nilipokwenda kulichukua gari kwa mzee, nilikuta buti imefunguliwa na ndani yake kuna mfuko wa plastiki umefungwa kamba. Sikuwa nimeomba. "Masega yako yaliyoungua," akasema, "ni mali yako." Nikayatikisa, vipande vya kauri vikagongana ndani. Upande mmoja yameyeyuka na kuwa kama kioo cheusi. Nimeyaweka stoo, na bado natafuta yale mengine.